Rekodi ya mafanikio nje ya GPA: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo

Kila msimu wa mahafali malalamiko huwa yale yale, kuanzia Iyunga hadi Mkwawa: "Nilikuwa waziri wa michezo, nilijitolea kituo cha afya likizo zote, lakini nikikaa kuandika CV sina cha kuonyesha." Kazi ilifanyika kweli, ila karatasi haikuchukuliwa.

Transkripti hueleza kozi, yuniti na alama, basi. Wahitimu wawili wenye GPA ya 3.6 kwenye kipimo cha 5 wanaonekana mapacha, hata kama mmoja alitunza mfuko wa darasa la watu 140 na mwenzake hakuwahi kushika hata rejista ya mahudhurio. Rekodi, yaani daftari na faili la mambo uliyoyafanya nje ya alama za darasani, ndiyo inayowatofautisha, kwa sharti moja: kila mstari uwe na mtu mwingine, mwenye cheo na simu inayopokelewa, anayeweza kusema "ni kweli". Mstari usio na mtu huyo ni kujisifu tu.

Mwongozo huu unafaa zaidi ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili. Kama uko mwaka wa mwisho, soma hatua zote halafu anza na ile ya nane.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja ya kwaya mbili. Usitumie karatasi za kuchana, zinapotea.
- Boksi faili moja na mifuko ya plastiki ya A4 kama 20.
- Kalamu ya wino wa bluu. Sahihi ya bluu hutofautishwa haraka na fotokopi.
- Simu yenye kamera na programu yoyote ya kuskani inayotoa PDF.
- Barua pepe yako binafsi yenye jina lako. Usitegemee ile ya chuo, maana inaweza kufungwa ukishahitimu.
- Hifadhi ya mtandaoni. Google Drive hutoa GB 15 bure, na rekodi ya miaka mitatu minne haifiki hata robo yake.
- Flashi moja ya kazi hii tu, isiyopita kwenye kompyuta za steshenari.
- Nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA.

## Hatua ya 1: Funga jina moja

Kabla hujakusanya cheti hata kimoja, weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na kadi ya chuo. Soma majina herufi kwa herufi.

Nyanda za Juu Kusini kosa hili ni la kila siku, kwa sababu majina ya kwetu huandikwa kwa sikio la mwandishi. Atupakisye anageuka Atupakisie. Ambwene anaongezewa y. Mwa- ya mwanzo wa jina la ukoo inatengwa na kuwa neno la peke yake. Mwandaaji wa semina naye anachapa vyeti 80 usiku kwa kufuata orodha ya mahudhurio iliyoandikwa kwa mkono.

Chagua mfuatano mmoja, ule ulio kwenye vyeti vya shule, na uutumie kila mahali. Kwenye orodha ya mahudhurio andika kwa herufi kubwa. Ukikabidhiwa cheti, kisome kabla hujatoka ukumbini, maana faili lake bado lipo kwenye kompyuta ya mwandaaji. Baada ya wiki mbili linaweza kuwa limefutwa.

Umefanikiwa pale mtu asiyekufahamu anapopanga karatasi zako zote mezani na asiulize "huyu ni nani?" hata mara moja.

## Hatua ya 2: Amua kipi kinaingia

Hapa wengi hujaza gunia kwa kuweka kila kitu. Tumia mchujo ambao umeshajaribiwa kwingine. Uingereza kuna hati ya kielektroniki inayoitwa HEAR, ambayo baadhi ya vyuo humpa mhitimu pamoja na matokeo yake. Ina kurasa zisizozidi 6, na sehemu yake ya mambo ya nje ya darasa hupokea mafungu matatu tu, tena yale ambayo chuo chenyewe kimeyahakiki:

1. Mafunzo ya ziada yaliyopimwa, yaani kuna mtu aliyekusahihisha au kukujaribu.
2. Shughuli zinazotambuliwa na chuo: uongozi wa wanafunzi, uwakilishi wa darasa, timu ya chuo, kujitolea kulikosajiliwa.
3. Zawadi na tuzo za chuo, za idara au za bodi ya taaluma.

Huku kwetu hati kama hiyo utajitengenezea mwenyewe, lakini mchujo huo huo unakutosha. Jiulize: chuo au taasisi inaweza kusimama nyuma ya mstari huu?

Kushika nafasi kwenye mashindano ya TUSA, yaani michezo ya vyuo vikuu vya Tanzania, kunaingia, kwa sababu jina lako liko kwenye orodha ya timu. Kuchangia damu kuna kadi yake, lakini mtu mzima mwenye afya anatarajiwa kuchangia. Kinachofaa kuandikwa ni kuratibu zoezi la uchangiaji pale chuoni, na idadi ya uniti zilizopatikana. Kusimamia shamba la kahawa la nyumbani Mbozi ni uzoefu halisi, na pengine umekufundisha kuliko semina kumi. Ila hauingii humu mpaka chama cha msingi cha ushirika kiandike kwamba ulikuwa mtunza mizani wao msimu fulani. Bila barua hiyo, upeleke kwenye CV.

Vyeti vya ushiriki viweke nyuma kabisa ya faili. Cheti cha semina ya nusu siku kinathibitisha kwamba ulikalia kiti. Vitano vya namna hiyo vikitangulia mbele, msomaji huona mtu wa kuhudhuria, na barua nzuri iliyo nyuma yake haifikiwi.

## Hatua ya 3: Andika ndani ya siku saba

Chora kurasa mbili zinazotazamana za kaunta buku zigawanyike safu saba: tarehe, mahali, nafasi yangu, nilichofanya, idadi, masaa, shahidi. Safu ya shahidi ibebe jina, cheo na simu.

Kwa nini siku saba? Kwa sababu idadi ndiyo inayosahaulika kwanza. Baada ya mwezi utakumbuka kwamba watu "walikuwa wengi". Wengi wangapi? Hapo ndipo mtu anaanza kubuni, na shahidi akija kupigiwa simu atataja tarakimu nyingine.

Chukua mwanafunzi wa uhandisi aliyesimamia meza ya idara yake kwenye Nanenane. Mara nyingi utakuta ameandika hivi:

"Nilishiriki maonesho ya Nanenane na kupata uzoefu mkubwa."

Mstari huo ungeweza kuandikwa na yeyote aliyekatiza pale kununua mahindi ya kuchoma. Ulinganishe na huu:

"3 hadi 8 Agosti 2024, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Msimamizi wa meza ya mashine ya kupukuchua mahindi. Niliiendesha na kuieleza kwa wageni 212 (hesabu ya daftari la wageni), nilibadilisha mkanda uliokatika siku ya tatu, niliandika namba za wakulima 9 waliotaka kujua bei. Masaa 42. Shahidi: fundi mkuu wa karakana."

Tazama mkanda uliokatika. Kitu kidogo, lakini ndicho atakachokumbuka fundi mkuu akiulizwa mwaka kesho, na ndicho mhoji atakachokiuliza. Kila ingizo liwe na angalau tukio moja la aina hiyo: kitu kilichoharibika, ulichokifanya, kilivyoishia.

Masaa yahesabu hivi. Ulianza saa 2 asubuhi ukamaliza saa 10 jioni: hayo ni masaa 8. Toa 1 la chakula, yanabaki 7. Zidisha kwa siku 6, unapata 42. Wanaoshika sarufi watakuambia wingi wa saa ni saa. Sawa, lakini humu andika "masaa" kwa muda uliotumika, kwa sababu "saa 8" msomaji ataisoma kuwa mchana. Na kama rekodi itasomwa na shirika la nje, andika muda kwa mtindo wa 08:00 hadi 16:00. "2 hadi 10" itawachanganya.

Tahadhari: usiandike "tulifanya". Kama mlikuwa sita, andika kwamba mlikuwa sita, kisha taja sehemu yako. Kujitwalia kazi ya kundi hugundulika haraka, kwa kuwa wenzako watano wanaomba kazi zile zile.

## Hatua ya 4: Chukua uthibitisho kabla muhuri haujabadilisha mikono

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, tuikalie.

Serikali ya wanafunzi hubadilika kila mwaka. Mwalimu mlezi wa klabu huenda masomoni. Mganga mfawidhi huhamishwa kutoka Rungwe kwenda Ludewa. Ukiwa chuoni, sahihi ni kutembea kutoka jengo moja hadi jingine. Ukishahitimu, sahihi ile ile ni nauli ya basi na malazi.

Andaa rasimu mwenyewe. Ukimwambia mwalimu "naomba uniandikie barua", atakubali kwa moyo mweupe, na barua haitaandikwa, kwa sababu hakumbuki tarehe wala idadi. Ukimpelekea rasimu ya aya moja iliyochapwa, pamoja na ukurasa wa kaunta buku, atasahihisha maneno mawili na kuipeleka kwa katibu muhtasi.

Rasimu iende hivi:

"Ninathibitisha kwamba (majina matatu), namba ya usajili (…), alikuwa katibu wa klabu ya mazingira kuanzia tarehe 6 Novemba 2023 hadi tarehe 28 Juni 2024. Katika kipindi hicho aliandika mihtasari ya vikao 11, alitunza daftari la miche 600 iliyopandwa na kuratibu siku 3 za upandaji. Nilimsimamia moja kwa moja nikiwa mwalimu mlezi. Maelezo haya nimeyahakiki kwenye kumbukumbu za klabu."

Chini yake jina, cheo, sahihi, tarehe, simu ya ofisi na muhuri. Iwe kwenye karatasi yenye nembo na kumbukumbu namba, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayowezesha ofisi kuipata nakala yake miaka mitano baadaye, hata kama aliyesaini hayupo.

Nani asaini? Kwa klabu, mwalimu mlezi. Kwa uongozi wa wanafunzi, mlezi wa wanafunzi. Rais wa wanafunzi ni mwanafunzi mwenzako, na muhula wake ukiisha sahihi yake haina ofisi nyuma yake. Kwa kujitolea, mkuu wa kituo. Kwa zawadi ya idara, mkuu wa idara.

Kasoro zinazorudisha barua:

- Ina sifa bila matendo. "Ni kijana mwaminifu na mchapakazi" haithibitishi chochote.
- Haina tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
- Muhuri umepigwa juu ya jina na sahihi mpaka havisomeki. Omba kwa heshima upigwe pembeni, ukigusa sahihi kidogo tu.
- Imesainiwa "kwa niaba ya" bila jina la aliyesaini.
- Ni picha ya ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe unasaidia kukumbuka, hausimami kama barua.

Omba mwishoni mwa shughuli, siyo mwishoni mwa mwaka. Wiki mbili kabla ya mitihani hakuna mwalimu mwenye nafasi, na ukimsukuma atasaini bila kusoma, jambo litakalokugharimu wewe siku akipigiwa simu.

Jipime hivi: funika barua, mpigie aliyesaini, muulize ulifanya nini. Akikaribia idadi zilizoandikwa, barua hiyo ni imara.

## Hatua ya 5: Fildi na mazoezi ya kufundisha

Wiki za fildi ndizo zenye ushahidi mwingi kuliko kipindi kingine chochote cha chuo, na ndizo zinazopotea kwa urahisi zaidi. Logibuku inakabidhiwa idarani, inapewa alama, na aghalabu hairudi. Kinachobaki kwenye transkripti ni herufi moja.

Piga picha kila ukurasa wa logibuku Ijumaa jioni, baada ya msimamizi kusaini. Usisubiri wiki ya mwisho. Kuna logibuku zimelowa kwenye bajaji, tena masika ya Tukuyu hayabishi hodi.

Kabla hujaaga, omba barua ya kituo yenye mambo matatu: wiki ulizokaa, kazi ulizofanya bila kushikwa mkono, na idadi. Kwa mwalimu mtarajiwa idadi hizo ni vipindi alivyofundisha, madarasa na wanafunzi. Hifadhi azimio la kazi moja na maandalio ya somo matatu bora, pamoja na fomu ya mkaguzi aliyekutembelea. Maandalio matatu yaliyosainiwa na mkuu wa idara ya shule yanamwonyesha mwajiri zaidi ya aya nzima ya "nina uwezo wa kufundisha".

Kwa aliye kiwandani, iwe chai ya Mufindi au saruji ya Songwe, taja mashine kwa jina linalotumika pale, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya chochote.

Tahadhari kwa wa afya na ualimu: jina la mgonjwa, namba ya faili, uso wa mwanafunzi na karatasi zake za mtihani haviingii kwenye rekodi yako kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata picha iliyo kwenye simu yako. Ficha kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha. Usitegemee kufuta baadaye.

## Hatua ya 6: Skani na utunze

Skani karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa kamera, kwani muhuri wa bluu hupauka. Ukurasa mmoja wa PDF usizidi MB 1. Mifumo mingi ya maombi hukataa faili kubwa.

Jina la faili lianze na mwaka: 2024-06-28_klabu-mazingira_barua. Faili zitajipanga zenyewe kwa tarehe, na hutatafuta "scan0047" saa 5 usiku maombi yakifungwa saa 6.

Nakala ziwe tatu: boksi faili, flashi, mtandaoni. Flashi isikae kwenye begi moja na karatasi. Begi likiibwa stendi, vyote vimekwenda pamoja.

Kwa hali ya hewa yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili usiweke boksi faili sakafuni wala kuligusisha na ukuta wa nje. Karatasi zilizochapwa usizibane sana ndani ya plastiki laini, kwa kuwa wino wake huganda kwenye plastiki na siku ya kuitoa nusu ya maandishi inabaki humo.

Na usilaminishe cheti halisi. Kinapendeza, lakini aliyekishika hawezi tena kupapasa muhuri wa kugandamizwa wala kukagua karatasi, na hakifunguki bila kuharibika. Laminisha nakala, ukipenda.

## Hatua ya 7: Fupisha kuwa kurasa mbili

Kaunta buku ni ghala. Anachosoma mwajiri ni kurasa mbili.

Juu weka majina, shahada, chuo, mwaka, simu na barua pepe. Kisha mafungu matatu ya hatua ya pili, kila fungu maingizo matatu hadi matano, mapya yakitangulia. Kila ingizo mistari miwili isiyozidi mitatu, ikianza na kitenzi: niliratibu, nilitunza, nilifundisha, nilitengeneza. Mwisho wa ingizo weka namba ya kiambatisho: K1, K2, K3. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa penseli kwenye kona ya nakala ya barua.

Ingizo lisilo na K toa, hata kama unalipenda.

Mpe mwenzako wa fani nyingine azisome kwa dakika 2, kisha mnyang'anye na umwulize anakumbuka nini. Akitaja vitu viwili vyenye tarakimu, zimekaa vizuri. Akisema "inaonekana umefanya mengi", rudi ukapunguze.

Kuhusu matumizi, msije mkachanganya. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka vyeti vya elimu na CV yenye wadhamini watatu, na husema waziwazi kwamba hati za matokeo ya muda na barua za sifa hazikubaliwi badala ya vyeti. Kwa hiyo kwenye Ajira Portal, mfumo wao wa maombi wa mtandaoni, rekodi hii haipandishwi mahali pa cheti. Maingizo yake bora yanahamia ndani ya CV, na karatasi zenyewe unakwenda nazo kwenye usaili. Mashirika, kampuni binafsi na wafadhili wa masomo ndio wanaoipokea kama kiambatisho. Wadhamini wachukue kutoka safu ya shahidi, baada ya kuwaomba ruhusa ya kutaja simu zao.

## Hatua ya 8: Ukiwa umeshachelewa

Usibuni, na usimwombe mtu asaini tarehe ya zamani. Barua iandikwe tarehe ya leo, ikieleza kipindi kilichopita. Hiyo ni halali kabisa.

Tafuta kwanza maandishi yaliyokuwepo wakati ule: mihtasari ya vikao, orodha za timu, ratiba za maonesho, barua za kuomba ukumbi, risiti za michango, mbao za matangazo zilizopigwa picha. Makundi ya zamani ya WhatsApp yana tarehe kamili. Yatumie kujenga mfuatano, kisha mpelekee mwalimu mlezi mfuatano huo pamoja na rasimu.

Aliyekusimamia akiwa amehama, iandikie ofisi yake, siyo yeye. Ofisi ina faili. Ambatisha ulichonacho na uombe wathibitishe kile tu wanachokiona kwenye kumbukumbu zao. Wakithibitisha tarehe na nafasi bila idadi, chukua hivyo hivyo, na kwenye kurasa zako mbili andika tarehe na nafasi bila idadi.

Kwa shughuli isiyo na karatasi yoyote wala mtu wa kuipigia simu, iache kwenye kaunta buku na uendelee na inayofuata.